Saa Tatu ya Mashine

Nimekodisha viti miaka kumi na mmoja hapa Masasi,
viti, turubai mbili, masufuria ya pilau ya watu mia,
na daftari langu lilikuwa kiganja:
peni ya buluu, jina, tarehe,
kisha mkono ukazama kwenye maji ya kuoshea sahani.

Ndivyo ilivyofutika Jumamosi ya Bi Ashura Nantende.
Mwali wake anatoka, ngoma zimefika,
wageni wametoka Lulindi na Chiwata,
na viti vyangu viko Mkuti, vimekaliwa na harusi.
Watu wazima walikaa juu ya matofali.
Hakunitukana. Alinirudishia risiti ya malipo ya awali
imekunjwa mara nne, kama hirizi.

Basi nikafunga elfu arobaini kwenye pindo la kanga
nikaenda kwa Mkwanda, muuza vya mkononi,
meza yake upande wa stendi, chini ya mwavuli wa tangazo la sabuni.

Akaanza na simu pana, inang'aa kama sahani ya mgeni.
"Hii, mama, ina kalenda, ina ramani, ina dunia nzima."
Dunia ninayo. Bei?
Laki na themanini.
Nikairudisha mezani taratibu, kama yai la jirani.

Ya pili kioo kimechanika, bei imelegea.
Chaji inakaa siku ngapi?
"Inategemea."
Neno hilo nalijua. Wateja wangu hunilipa nalo.

Ndipo akafukua chini ya rundo la nyaya
kidude cha kijivu, kina mfuniko kama kitabu cha dua,
vitufe vyake punje za ufuta.
"Oganaiza. Haipigi simu, haipigi picha, haiimbi.
Inakumbuka tu."

Inakumbuka tu!
Marehemu mume wangu naye alikumbuka,
ila alikumbuka kwa sauti, mbele za watu.

Nikalowesha kidole, nikabonyeza: ikaitika.
Nikaitia mfuko wa aproni: ikaenea.
Nikamwambia Mkwanda aiangushe.
Aliposita, nikajua bei bado haijatulia.
Kutoka thelathini na tano tukashuka hadi ishirini na nane,
na betri mbili za duara juu yake.

Usiku ule niliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje:
JUMAMOSI. CHITANDA. VITI 150. SAA 3.
Nikalala kama mtu aliyelipa kodi.

Ikalia. Nikaruka. Nje giza totoro,
nikadhani ni mawingu.
Nikamgongea Bathlomeo wa guta, tukapakia,
mbwa wa mtaa mzima wakatusindikiza,
hadi Mzee Chitanda akafungua mlango na panga mkononi:
"Nani anayeiba kwa kuleta?"

Saa tisa usiku.
Tulikaa kwenye viti vyetu wenyewe, mimi na Bathlomeo,
viti mia na arobaini na minane vitupu vikitutazama,
mpaka mlima Mkomaindo ukaanza kuonekana mgongo.

Mwanangu Skola wa kidato cha pili alicheka hadi akakaa chini.
"Mama, hiyo inaanza kuhesabu watu wakiwa wamelala.
Saa tatu yako, yenyewe inaiita tisa."
Tangu hapo mimi ndiye ninayejumlisha sita.
Yenyewe haijajifunza kitu.

Lakini haijanipoteza. Miezi mitano sasa,
mikono inaingia majini na majina yanabaki makavu.

Limebaki moja tu linalonishinda.
Nimeandika: BI ASHURA. VITI 150. BURE.
Inadai tarehe.
Nami sijui kwake kitatangulia nini, shughuli au msiba,
wala siwezi kumwombea chochote ili nilipe deni.
Nafunika, nafunua.
Kale kamstari bado kanapepesa mahali pa siku.
Nimekaacha.